Mdomo wa Taifa

Nchi hii ipo, msiulize wapi. Wanaokaa humo wanaijua kwa harufu ya ofisi zake, na wasiokaa humo waendelee kushukuru. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko zahanati, na ina sheria moja ambayo majirani zake wote wanaionea wivu, au ndivyo inavyosemwa redioni: hakuna kitu kutoka nje kinachoruhusiwa kutumika kabla jina lake halijapokelewa rasmi katika lugha ya taifa.

Sababu zilielezwa bungeni kwa siku tisa. Maneno ya nje, walisema waheshimiwa, hutua nchini yakiwa uchi. Wenyewe huko kwao hupenda kuyafunga mwishoni, midomo imebanwa, kama watu wanaozuia baridi isiingie ndani. Raia wa nchi hii hawana baridi, kwa hiyo humaliza neno mdomo ukiwa wazi. Wazee wao walipoletewa shati, balbu na tiketi, kila neno walilivisha vokali mwishoni, na walipoletewa burashi wakaona konsonanti zimebanana, wakapenyeza vokali nyingine katikati, kisha wakaendelea na shughuli zao. Kazi hiyo waliifanya bila kamati, bila gari na bila semina. Serikali ilipogundua jambo hilo ilishtuka sana.

Ndipo ikaundwa Idara ya Mapokezi ya Maneno, yenye kitengo cha vokali za katikati, kitengo cha vokali za mwisho, na kitengo cha kusuluhisha vitengo hivyo viwili. Bandarini likajengwa jengo refu la mabati lililoitwa Bohari ya Visivyo na Jina. Humo kila kitu kigeni kilisubiri.

Lakini neno livishwe vokali ipi? Hapo wataalamu waligundua kwamba wao wenyewe hawafai. Walikuwa wamesoma, ukiwatajia neno la kigeni wanalitoa puani kama lilivyo, na wanaona fahari. Wachukuzi wa bandarini nao walikataliwa, maana wao hukipa kitu jina kabla hakijashuka mgongoni, na jambo linalofanyika upesi kiasi hicho haliwezi kuwa la kitaifa. Palihitajika mdomo safi, usiowahi kuguswa na neno la nje hata moja, ambao ukisikia neno kwa mara ya kwanza ungelitamka kama taifa zima lingelitamka. Cheo kikatangazwa, kikaitwa Mdomo wa Taifa.

*

Aliyekipata cheo hicho ni Bi. Minza wa Mwabasuka, kijiji ambacho gari la Serikali lilikifikia kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa kupotea njia.

Waliteremka mabwana watatu wenye makoti, wakamkuta anapura mtama. Wakamwonyesha kitu kimoja kimoja kutoka kwenye mkoba na kumuuliza kinaitwaje. Burashi ya viatu. Betri ya tochi. Soksi. Kwa kila kimoja Bi. Minza alijibu, "Sijui."

Ukweli ni kwamba alivijua vyote. Soksi alikuwa amezifua maisha yake yote, na betri alizianika juani kila wiki ili zipate nguvu. Ila alishaona mengi. Mara ya mwisho watu wenye makoti walipokuja, kwa miguu, kuuliza maswali, majirani zake waliojibu vizuri walihamishwa kupisha mradi. Kwa hiyo akajibu "Sijui" mara kumi na moja, kwa adabu, na alipoinua macho aliwaona mabwana wale wanakumbatiana.

Hivyo akawa mtu wa kwanza katika nchi ile kupewa cheo kwa kutojua kitu na jambo hilo likatamkwa waziwazi.

Walimhamishia mjini, kwenye Nyumba ya Ukimya. Ilikuwa na zulia zito, bustani yenye ukuta mrefu, na mlinzi aliyekatazwa kutaja kitu chochote kwa jina. Redio ilikuwa marufuku. Akivuka uwanja kwenda ukumbini alizibwa masikio kwa pamba, asije akasikia dereva anagomba na breki zake. Mbali na maofisa, aliruhusiwa kuongea na mtu mmoja tu, mpishi aitwaye Tausi, ambaye aliajiriwa kwa sababu siku ya usaili alikuwa na jino linauma, hivyo alinyamaza muda wote.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ukumbini alikaa Mkurugenzi, Daktari Fikirini, mtu mwenye shingo fupi na sentensi ndefu, pamoja na makarani sita wenye kalamu. Kisha aliingia Mtamkishaji Mkuu, Bwana Elipokea, ambaye alipelekwa ughaibuni miezi sita kujifunza maneno yakiwa bado mabichi, akarudi na mafua ambayo hayajampona hadi leo. Bwana Elipokea alivua skafu, akainama, akalisema neno la kigeni mara moja katika sikio la kulia la Bi. Minza. Chochote kilichotoka mdomoni mwake kiliandikwa. Zoezi lilirudiwa siku tatu, na kilichotoka siku ya tatu ndicho kilichoshika, kwa kuwa, ilisema kanuni, siku ya tatu mdomo unakuwa umekomaa.

Pale neno lilipotoka tofauti na Mkurugenzi alivyopenda, Bi. Minza aliambiwa arudie mpaka litoke sawa. Kwenye muhtasari hatua hiyo iliitwa kuuacha Mdomo uwe huru.

Mambo hayakuwa ya haraka. Kuna mwaka soko kuu liliungua siku mbili mfululizo hali mashine mpya ya zimamoto imekaa boharini na matairi yake yanang'aa, inasubiri vokali moja. Wafanyabiashara waliandamana. Mkurugenzi aliwatokea barazani akawaambia kwamba soko linaweza kujengwa tena, bali neno likishaharibika limeharibika. Walirudi nyumbani kuhesabu hasara.

*

Jumatatu moja asubuhi Tausi aliweka uji mezani, akabaki amesimama.

"Mama Minza, binti yako yuko hapa mjini."

"Holo? Amefuata nini?"

"Kaletwa hospitali ya mkoa tangu juzi. Kajifungua, mama. Miezi saba tu. Mtoto wa kike, mdogo kama viganja viwili hivi nikiviunganisha."

Bi. Minza aliweka kijiko chini. Holo alikuwa mwanawe wa pekee aliyebaki. "Anapumua?"

"Anapumua. Binamu yangu ni nesi wodi ileile. Wanamweka kifuani kwa mama yake, akichoka wanamlaza kwenye boksi la sabuni, chupa za maji ya moto huku na huku. Maji yakipoa wanabadilisha. Lakini nesi anasema njiti wa vile hafiki mbali na boksi. Anatakiwa awekwe kwenye inkubeta, na inkubeta ipo, mama, imo boharini mwaka wa pili huu, kwa sababu wewe hujai…"

Tausi alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Wote wawili walikijua Kifungu cha Kumi na Nne. Mdomo ukilisikia neno nje ya ukumbi, umechafuka. Neno linarudishwa mwanzo wa orodha, Mdomo unafukuzwa, na msafara mpya unatumwa vijijini kutafuta mwingine. Msafara wa mwisho ulichukua miaka miwili.

"Sikusikia kitu," alisema Bi. Minza taratibu. "Nina pamba masikioni. Umeniambia nini kuhusu uji?"

"Nimesema umepoa, mama."

"Basi. Na mtoto anaitwa nani?"

"Minza. Holo kampa jina lako siku ileile." Kwa jina hilo hakuna kamati iliyokaa.

Bi. Minza alilia kidogo, akanawa uso, akaanza kufikiri. Aliogopa na kukasirika kwa pamoja, kwa maana alitambua kwamba uhai wa mjukuu wake umekalia ulimi wake mwenyewe, na ulimi huo haukuwa wake tena.

Tatizo la kwanza lilikuwa foleni. Kwa maelezo ya Tausi, mashine ile ilikuwa ya thelathini na nane, ingawa hakuna sanduku lililowaumiza wachukuzi migongo kama lake. Mbele yake kulikuwa na kifaa cha kumenyea viazi cha mke wa Waziri, kiti kinachozunguka cha Katibu Mkuu, na aina kumi na mbili za dawa ya viatu.

Mchana huohuo alimwomba Mkurugenzi aje. "Mheshimiwa," alimwambia, "ulimi wangu umechoka. Nauhisi umebakiza neno moja tu kabla haujalala. Ukilala sijui utaamka lini."

Daktari Fikirini alishika kifua. Miaka yote hakuwahi kufikiria kwamba Mdomo wa Taifa una mwenyewe. "Neno moja! Tuchague lipi, mama?"

"Mimi najua nini, Mheshimiwa? Mimi mtu wa shamba. Ila kama ni la mwisho, si lingekuwa zito kuliko yote?"

Mkurugenzi aliona hekima hiyo ni ya kizalendo hasa. Akaagiza masanduku yote ya Bohari yapimwe kwenye mizani. Wachukuzi waliyapima, na walipofika kwenye sanduku zito kuliko yote mmoja wao akapiga kelele kwa wenzake, "Inkubeta ndiyo imeshinda!" Hakuna ofisa aliyemsikia. Maofisa hawasikii watu waliobeba vitu.

*

Kikao cha kwanza kilifanyika Jumanne. Daktari Fikirini alisimama, akavuta mkanda wa suruali, akahutubia.

"Ndugu wajumbe! Taifa ni nini, kama si mdomo? Na mdomo ni nini, kama si taifa lililofunguliwa? Leo tunalipokea neno lenye kilo mia na kumi. Niwakumbushe kwamba hatuna haraka. Mataifa yenye haraka yako wapi leo?"

Wajumbe walipiga makofi, ingawa mataifa hayo yote yalikuwa yanaendelea vizuri.

Bi. Minza alikaa kwenye kiti chake akiwa na kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Ilimpasa aonekane hajui. Alijiuliza mtu asiyejua huwa na sura gani, akamkumbuka mkuu wa wilaya alipoulizwa maji ya bomba yatafika lini Mwabasuka. Akauvaa uso uleule.

Bwana Elipokea alivua skafu, akainama, akalitema neno sikioni mwake likiwa limechanganyika na mafua.

"I…" alianza Bi. Minza. Akameza mate. "In… inku…" Akatazama dari kama mtu anayepanda mlima. "Inkubeta."

Ukumbi ulilipuka. Kitengo cha vokali za katikati kilisimama kidete: konsonanti mbili zimelala kitanda kimoja mwanzoni mwa neno bila vokali ya kuzitenganisha, na hilo ni jambo la aibu mbele ya watoto, iwe *inikubeta*. Kitengo cha vokali za mwisho kilisema mwisho ni mzuri, mengine hayakihusu. Kitengo cha usuluhishi kikaomba chai. Walibishana saa nne. Bi. Minza alikaa akihesabu maji ya moto yanapoa mara ngapi ndani ya saa nne.

Jumatano alirudia vilevile, akikwama mahali palepale alipokwama jana. Mkurugenzi alifurahi. Ilibaki siku moja.

"Kikao cha tatu," alitangaza Daktari Fikirini, "kitafanyika Mheshimiwa Waziri atakaporejea. Ameshasema atapenda awepo. Yuko ughaibuni kwenye mkutano wa kuharakisha huduma kwa wananchi."

Bi. Minza alisahau adabu ya ukumbi. "Anarejea lini?"

"Jumatatu, Mungu akipenda. Au Jumanne."

"Mheshimiwa, si niliseme sasa hivi? Liko mdomoni. Waziri akija nitamsemea tena, hata mara mia. Nitakuja kumsemea nyumbani kwake."

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma ambayo wakubwa wanaitunza kwa ajili ya watu wa shamba. "Mama yangu, wewe unadhani unatamka wewe. Si wewe. Linatamka taifa. Na taifa halitamki bila Waziri."

*

Siku tano ni nyingi. Kila asubuhi Tausi alileta uji na habari. Alhamisi, Minza mdogo alifumbua jicho moja. Ijumaa, alikamata kidole cha nesi akakataa kukiachia, wodi nzima ikacheka. Jumamosi umeme ulikatika, maji yakachemshwa kwa mkaa nje, na kina mama wengine wakamsaidia Holo kwa zamu, wakimpitisha mtoto kifua hadi kifua. Nesi alikwenda mwenyewe boharini kuomba mashine kwa mkopo. Mlinzi alimuuliza anataka nini. Alipojibu, mlinzi alimwambia kwa upole kwamba kitu chenye jina hilo hakimo humo, kwa kuwa humo mna visivyo na jina tu.

Jumapili mtoto aliacha kunyonya.

Bi. Minza aliomba ruhusa ya kwenda hospitalini kwa saa moja. Alikataliwa kwa barua yenye mihuri mitatu. Hospitali, barua ilieleza, ni mahali penye maneno mengi ya kigeni kuliko pote nchini, na afya ya Mdomo lazima ilindwe. Alikaa kitandani na barua ile mapajani, akawachukia wote kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine.

Jumatatu saa tatu asubuhi Waziri alitua. Kwaya ilipangwa ngazini, kamera zikafungwa. Bi. Minza alikuwa amekwisha kuvalishwa kitenge kipya, anasubiri kuzibwa pamba, Tausi alipoingia. Hakuwa na uji.

"Mama," alisema Tausi.

Bi. Minza alimtazama usoni, akaelewa.

"Saa moja asubuhi hii," alisema Tausi. "Kifuani kwa mama yake. Hakuteseka, mama, alilala tu. Pole, mama yangu. Pole."

Mlinzi aliingia na pamba. Alimziba sikio la kushoto, akamziba la kulia, akamshika mkono kwa heshima zote, akamwongoza kuvuka uwanja.

*

Waziri alizungumza dakika arobaini. Bi. Minza hakusikia hata neno moja, na kwa hilo alikuwa na nafuu kuliko watu wote waliokuwemo ukumbini. Alimwona tu Waziri akifungua na kufunga mdomo, akionyesha juu, akionyesha kifuani, akinywa maji. Aliona watu wakisimama na kukaa. Kisha mkono ukamtoa pamba sikio la kulia.

Makarani sita waliinua kalamu. Kamera zilisogea. Bwana Elipokea alivua skafu, akainama, akasema neno lake.

Bi. Minza alifungua mdomo alitamke. Alitaka hasa kulitamka, kwa sababu walikuwepo watoto wengine wodini mle. Lakini neno halikutoka. Kilichotoka kilianzia chini kabisa, mahali alipombeba Holo miaka ishirini na mitatu iliyopita, kikapanda bila kumwomba ruhusa.

"Uwiiii!" alilia Bi. Minza. "Uwiiii! Uwiiii!"

Akaanguka magotini kwenye zulia la taifa.

Hakuna aliyesogea. Kisha zikasikika kalamu sita zikiandika.

Karani wa kwanza aliinua mkono. "Mheshimiwa Mkurugenzi, ni irabu ngapi mwishoni? Mimi nimepata nne."

"Mimi tano," alisema wa pili.

Bwana Elipokea, ambaye ndiye pekee aliyekuwa karibu kiasi cha kuona uso wa mwanamke yule, alisema kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, nadhani mama huyu analia."

Daktari Fikirini alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa sauti. Kinachotoka siku ya tatu ndicho kinachoshika. Kanuni haikusema chochote kuhusu kulia. "Na zaidi ya hayo," aliongeza, akimtupia Waziri jicho, "tazameni muundo wake! Konsonanti moja tu, tena laini. Vokali pande zote mbili. Kilo mia na kumi za ugeni zimepotea kabisa. Katika miaka yangu yote sijaona neno la nje lililobadilika likawa letu kiasi hiki!"

Waziri alipangusa kona ya jicho kwa kitambaa, kamera zikiwa zinamwelekea. "Sitaficha," alisema. "Nimelisikia neno hili likanigusa. Ni neno lenye asili yetu." Akaanzisha makofi mwenyewe, na kwaya ikapokea.

Irabu zilipunguzwa zikabaki mbili, ili kubana matumizi ya wino. Bi. Minza alinyanyuliwa kutoka kwenye zulia, akapewa cheti cha utumishi uliotukuka, akatolewa kwa mlango wa nyuma, maana Mdomo ulikuwa umemaliza kazi. Alikwenda kwa miguu mpaka hospitalini. Alimkuta Holo amekaa kwenye benchi la nje, kifurushi kidogo cha khanga mapajani, akakaa karibu naye, na hapo wawili hao walilia bila mtu wa kuandika.

*

Gazeti la Serikali, toleo maalumu, lilitoka Jumanne: *Uwii, jina. Mashine ya kulelea watoto njiti. Wingi: mauwii.* Jina lingine lolote lilipigwa marufuku, hasa lile la wachukuzi. Mashine ilitoka boharini jioni yake, ikafikishwa wodini ikiwa na kibao cha shaba.

Ili raia walizoee neno lao jipya, karani aliwekwa mlangoni pa wodi na daftari. Mama yeyote mwenye mtoto njiti, kabla mtoto hajapokelewa, sharti alitamke jina la mashine mbele ya karani huyo, kwa sauti ya kusikika. Mashine ni moja. Watoto ni wengi.

Miezi sita baadaye Daktari Fikirini aliwaita waandishi wa habari, akawasomea ripoti ya karani yule huku sauti yake ikitetemeka kwa furaha. Hakuna neno la kigeni, alisema, lililowahi kupokewa na wananchi upesi namna hii. Kina mama wa mjini na wa shamba, waliosoma na wasiosoma, wote wamelitamka sawasawa, bila kufundishwa na mtu, na wengi wao walisikika wakilirudia njia nzima walipokuwa wakirudi nyumbani.